Kuihakiki mashine ya homoni kabla ya kuiamini: mwongozo kwa maabara za Tabora na Kigoma

Mashine za kupima homoni katika damu, ndogo zinazosoma kanda na kubwa zinazojiendesha zenyewe, zinaonekana siku hizi hata katika hospitali za wilaya na vituo binafsi vya mikoa yetu, na majibu yake yanaamua mambo mazito: mgonjwa wa tezi la shingo aongezewe dawa au apunguziwe, mama aliyesafishwa kizazi kwa sababu ya mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida ambayo tishu za kondo hukua ovyo) aendelee kufuatiliwa hapa hapa au apewe rufaa kwenda Mwanza, mume na mke waliohangaika kutafuta mtoto waanzishiwe matibabu gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mteknolojia wa maabara aliyekabidhiwa mashine ya namna hiyo, awe Nzega, Urambo, Kasulu au Kibondo, na kwa daktari anayetaka kujua jibu aliloletewa lina uzito kiasi gani. Jambo moja linauongoza tangu mwanzo: mashine kurudia jibu lile lile si ushahidi kwamba jibu ni la kweli, na sampuli ya udhibiti (yenye kiwango kinachojulikana, ya kuijaribu mashine) kupita asubuhi si ushahidi kwamba damu ya kila mgonjwa wa siku hiyo imepimwa sawasawa.

Jua mashine yako inahesabu nini

Karibu mashine zote za aina hii haziioni homoni yenyewe. Zinasoma mwanga au rangi inayotokana na kingamwili iliyoshikana na homoni, kisha zinaugeuza mwanga huo kuwa namba kwa kufuata mchoro wa kalibresheni, uliotokana na sampuli zenye viwango vinavyojulikana. Msingi wa mbinu hii uliwekwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York mwishoni mwa miaka ya 1950, walipopima insulini kwa kutumia kingamwili na mnururisho. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Leo maabara nyingi zimeacha mnururisho na kutumia kemikali zinazotoa mwanga, lakini mantiki haijabadilika, na udhaifu wake umebaki pale pale.

Zipo namna mbili za kupima, na ni lazima ujue kila kipimo chako kiko upande gani. Homoni zenye umbo kubwa, kama TSH (inayoichochea tezi la shingo), FSH na LH (zinazoongoza ovari na korodani), prolaktini (ya maziwa) na hCG (ya mimba), hubanwa katikati ya kingamwili mbili, moja ikiishikilia homoni na nyingine ikitoa mwanga, kwa hiyo mwanga ukizidi homoni nayo imezidi. Homoni ndogo, kama T4 na T3 (za tezi la shingo), kotisoli (ya tezi zilizo juu ya figo), testosteroni, estradioli na projesteroni (za uzazi), hazina nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja. Hizo hushindanishwa na homoni bandia iliyomo ndani ya kitendanishi (kemikali ya kupimia), na hapo mwanga ukizidi maana yake homoni ya mgonjwa ni kidogo. Soma karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji, kisha andika orodha ya vipimo vyako vyote na namna ya kila kimoja, uibandike ukutani kando ya mashine. Orodha hiyo itakufaa sana utakapofika kwenye majibu yaliyopotoka, kwa sababu kitu kimoja kinaweza kulishusha jibu la namna ya kwanza na kulipandisha jibu la namna ya pili katika chupa moja ya damu.

Hatua ya kwanza: weka mipaka ya makosa kabla ya kupima chochote

Watu wengi hupima kwanza, kisha wanatafuta kigezo ambacho majibu yao yatakipita. Huko ni kujidanganya. Amua mapema kosa la kiasi gani linavumilika kwa kila homoni, liandike kwenye karatasi, na mkuu wa maabara atie saini kabla ya kipimo cha kwanza. Mahali pazuri pa kuanzia ni mipaka ya Marekani ya upimaji wa nje wa ubora (maabara kupima sampuli zilizoletwa na shirika la nje) iliyoanza kutumika mwaka 2025: TSH isipishane na thamani lengwa kwa zaidi ya asilimia 20 au 0.2 mIU/L, ikichukuliwa iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Prolaktini asilimia 20. Kotisoli asilimia 20. Testosteroni na estradioli asilimia 30, testosteroni ikiwa na nafuu ya ziada kwa viwango vya chini. Mipaka hiyo ni mipana, na maabara yenye nia inaweza kujibana zaidi, lakini ukiikosa hata hiyo mipana huna sababu ya kutoa majibu kwa wagonjwa.

Katika hatua hii hii kagua chumba. Mashine nyingi zinataka joto la kati ya nyuzi 15 na 30 za Selsiasi, na kila mtu aliyeishi Tabora anajua chumba kisicho na kiyoyozi kinavyokuwa mchana wa Septemba na Oktoba. Weka kipimajoto karibu na mashine na kingine ndani ya friji ya vitendanishi, ambayo inapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, na uandike usomaji asubuhi na alasiri. Umeme unaporudi baada ya kukatika, usiendelee na wagonjwa mpaka mashine ijipashe, sampuli za udhibiti zipimwe upya, na ithibitishwe kwamba friji haikuvuka kiwango. Kitendanishi kilichopata joto njiani kutoka Dar es Salaam hakionyeshi alama yoyote kwa macho. Kwa hiyo anayepokea mzigo apime joto la boksi wakati wa kulifungua, si baada ya kulipanga ndani ya friji.

Hatua ya pili: pima uthabiti

Uthabiti maana yake ni majibu ya sampuli moja kukaribiana yanaporudiwa. CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya kazi za maabara, katika mwongozo wake wa EP15-A3, inapendekeza mpango ambao maabara ndogo inaumudu: chukua sampuli za udhibiti za viwango viwili au zaidi, pima kila moja mara 5 kwa siku, kwa siku 5, upate majibu 25 kwa kila kiwango. Siku hizo zisiwe za mfululizo wa raha tupu. Ziwemo siku yenye foleni, siku ya mteknolojia mwingine wa zamu, na ikiwezekana siku umeme ulipoyumba, kwa sababu mashine itafanya kazi katika siku za namna hiyo.

Tuchukue mfano wa siku moja. Sampuli ya udhibiti ya TSH yenye thamani lengwa ya 4.50 mIU/L imetoa 4.38, 4.52, 4.41, 4.47 na 4.42. Wastani ni 4.44. Tofauti ya kila jibu na wastani, ikizidishwa kwa yenyewe, ikajumlishwa na tofauti nyingine na kugawanywa kwa 4, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, inakupa mchepuko sanifu wa 0.055. Gawanya mchepuko huo kwa wastani, uzidishe kwa 100, upate asilimia ya mtawanyiko, ambayo hapa ni 1.2. Hiyo ni kazi nzuri kwa siku moja. Ukijumuisha siku zote 5 asilimia itapanda, nayo ndiyo ya kulinganisha na ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Usikubali fundi wa kampuni akufanyie zoezi hili peke yake siku ya kufunga mashine na kukuachia karatasi iliyokwisha jazwa. Fundi ataondoka, na majibu yatatolewa na mikono yako.

Hatua ya tatu: pima ukaribu na ukweli

Hapa ndipo maabara nyingi zinapoishia njiani. Mizani ya sokoni kwenye tumbaku inayopunguza kilo 2 katika kila robota itatoa uzito ule ule leo, kesho na keshokutwa, na mkulima ataumia kila siku kwa kiasi kile kile. Mashine thabiti isiyo ya kweli ndivyo ilivyo, na hatua ya pili haiwezi kuifichua.

Tafuta maabara ya pili yenye sifa, hasa iliyopata ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Wa Tabora wengi wataelekea Mwanza kwa njia ya Nzega na Shinyanga, wengine Dar es Salaam. Kabla ya kutuma chochote, uliza mashine yao ni ya aina gani. Ikiwa ni ile ile ya kwenu, kulingana kwa majibu kutaonyesha tu kwamba mashine mbili za kiwanda kimoja zinasema lugha moja. Kipimo cha juu zaidi cha homoni ndogo kama testosteroni ni mashine inayotenganisha molekuli na kuzipima kwa uzito wake, ambayo haitegemei kingamwili, lakini ni maabara chache mno katika ukanda wetu zinazoweza kuihudumia. Kwa kazi ya kawaida, maabara nzuri yenye mashine ya kiwanda kingine inatosha.

Mwongozo wa CLSI wa kulinganisha mbinu unataka sampuli zisizopungua 40. Ziwe za wagonjwa halisi, si za udhibiti, na zienee kuanzia majibu ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukusanya sampuli za watu wenye majibu ya kawaida kwa sababu ndizo zinazopatikana upesi. Kulinganisha kwa namna hiyo hakusemi lolote kuhusu TSH ya 0.03 wala ya 60, na hizo ndizo zinazobadilisha matibabu. Anza kukusanya mapema, kidogo kidogo. Tenganisha seramu, igawe katika vichupa viwili, kimoja kipimwe kwenu na kingine kisafiri kwenye kasha lenye barafu. Seramu ya TSH huvumilia siku kadhaa kwenye friji. ACTH (homoni inayochochea kotisoli) haivumilii, na haifai kuiingiza katika zoezi hili.

Majibu yakirudi, mtu atakushauri utafute kigezo cha uhusiano na, kikiwa 0.99, ufurahi. Usifurahi bado. Mashine moja ikizidisha kila jibu kwa asilimia 30, kigezo hicho kitabaki 0.99 kwa sababu kinaangalia kama majibu yanapanda na kushuka pamoja, si kama yako sawa. Tumia mchoro walioueleza Bland na Altman mwaka 1986: kwa kila sampuli tafuta wastani wa majibu mawili na tofauti yake, kisha chora tofauti dhidi ya wastani. Nukta zikitapakaa juu na chini ya sifuri bila mpangilio, hakuna hitilafu ya upande mmoja. Zikikaa zote juu, mashine yako inazidisha. Zikianza kwenye sifuri na kupanuka kadiri namba zinavyokua, kosa linakwenda kwa asilimia. Na nukta moja ikiwa mbali na wenzake, usiifute kama takataka. Ni mgonjwa, na huenda ni yule atakayezungumziwa kwenye hatua ya sita.

Kabla ya kuilaumu mashine, angalia vizio. Prolaktini ya 25 ng/mL ni takriban 530 mIU/L, kwa sababu ng/mL moja ni sawa na mIU/L 21.2 hivi. Testosteroni ya ng/dL huzidishwa kwa 0.0347 kupata nmol/L, na T4 huru (isiyoshikwa na protini za damu) ya ng/dL huzidishwa kwa 12.87 kupata pmol/L. Hata vizio vikiwa sawa, T4 huru za viwanda tofauti hazilingani namba kwa namba, kwa hiyo mgonjwa anayefuatiliwa kwa kipimo hicho apimwe mahali pamoja kila inapowezekana.

Hatua ya nne: jaribu ncha mbili za mashine

Mashine itachapisha namba ndogo sana bila aibu, hata pale isipokuwa na uwezo wa kuiona. Kwa TSH, tafuta kiwango cha chini ambacho asilimia ya mtawanyiko haizidi 20. Mashine za kizazi cha tatu zinapaswa kufika 0.01 hadi 0.02 mIU/L. Ikiwa ya kwenu inaishia 0.1, haiwezi kutofautisha TSH iliyopungua kidogo na ile iliyozimwa kabisa na tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na jibu linatakiwa kuandikwa «chini ya 0.1», si namba kamili. Ninasisitiza pia testosteroni ya wanawake na ya watoto: kiwango chao ni cha chini mno, na mashine za kingamwili hukosea sana huko, kwa kuwa kingamwili huweza kushika homoni jirani zenye umbo linalofanana. Maabara isiyo na ushahidi wake yenyewe kwenye viwango hivyo isikitoe kipimo hicho kwa wanawake.

Kwa ncha ya juu, chukua sampuli ya mgonjwa yenye jibu kubwa, uichanganye hatua kwa hatua na sampuli yenye jibu dogo, na uone kama majibu yanashuka kwa mstari unaotarajiwa.

Hatua ya tano: usiazime viwango rejea bila kuvijaribu

Viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi ya kitendanishi vilitokana na watu wa mahali pengine. Njia fupi inayokubalika ni kutafuta watu wazima 20 wenye afya, wasiotumia dawa za homoni wala uzazi wa mpango, waliokubali kwa hiari yao, na kuwapima. Wasiozidi 2 wakitoka nje ya mipaka ya mtengenezaji, mipaka hiyo itumike. Wakizidi, chukua wengine 20, na wakizidi tena, mipaka haiwafai watu wako. Wajawazito wasichanganywe humo: hCG ya miezi ya mwanzo huichochea tezi na kuishusha TSH, hivyo mama mwenye mimba ya wiki 10 anaweza kuonekana mgonjwa kwa viwango vya wasio na mimba wakati hana tatizo lolote.

Saa na siku ya kutoa damu ni sehemu ya kiwango rejea. Kotisoli hupimwa karibu saa 2 asubuhi, testosteroni ya mwanamume asubuhi pia, FSH na estradioli kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Prolaktini hupanda kwa hofu na maumivu, basi mgonjwa aliyesafiri kwa basi kutoka Sikonge tangu alfajiri apumzike kwanza. Damu iliyovunjika chembe ndani ya chupa huharibu insulini na kutoa jibu la chini lisilo la kweli; sampuli hiyo ikataliwe.

Hatua ya sita: winda jibu lililopotoka

Hatua zote zilizotangulia zinaihoji mashine. Hii inamhoji mgonjwa mmoja mmoja, na mimi naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa makosa yake hayaonekani kwenye chati yoyote ya udhibiti. Dalili yake ni moja: jibu halifanani na mtu. Kwa sababu hiyo fomu ya maombi isiyo na maelezo ya ugonjwa irudishwe kwa daktari aijaze.

Anza na biotini. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa madukani vinaweza kuwa na miligramu 5 au 10 za vitamini hiyo, ilhali mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 tu kwa siku. Mashine nyingi, si zote, hutumia biotini kama gundi ya kushikiza kingamwili, na biotini ya mgonjwa ikijaa hunyang'anya nafasi hiyo. Matokeo yake ni TSH iliyoshuka kwa uongo na T4 huru iliyopanda kwa uongo, picha kamili ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi kwa mtu asiye na ugonjwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Muulize mgonjwa kwa jina la kitu anachokijua, yaani vidonge vya nywele, kucha au ngozi, maana neno biotini halitamwambia kitu. Akiwa anavitumia, aviache kwa siku 2 au 3, na arudi kupimwa.

Pili ni hCG inayosoma chini wakati iko juu mno. Homoni inapokuwa nyingi kupita kiasi, kila kingamwili ya pande mbili hupata homoni yake peke yake, hakuna kinachobanwa katikati, na mwanga hushuka. Fikiria mama ambaye tumbo lake ni kubwa kuliko umri wa mimba, picha ya mionzi-sauti imeonyesha mimba zabibu, na mashine imetoa hCG ya 9,400 IU/L. Usitoe jibu hilo. Chukua mikrolita 50 za seramu, weka katika mikrolita 450 za kimiminika cha kuzimulia cha mtengenezaji, si maji ya bomba wala dripu ya chumvi, na uchanganye polepole. Badilisha ncha ya pipeti, chukua mikrolita 50 za mchanganyiko huo, uziweke tena katika 450 nyingine. Sasa umezimua mara 100. Ikiwa jibu ni 4,150, hCG ya kweli ni 415,000. Kuzimua kwa hatua mbili ni salama kuliko kuvuta mikrolita 10 mara moja, kwani kosa dogo la pipeti kwenye mikrolita 10 huzidishwa nalo mara 100. Prolaktini ya mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa wa tezi ya ubongo hufanyiwa vivyo hivyo.

Tatu ni kinyume chake: hCG inayoonekana wakati haipo. Baadhi ya watu wana kingamwili zao wenyewe zinazounganisha kingamwili za kitendanishi bila homoni kuwapo, na wapo wanawake waliowahi kupewa dawa za saratani kwa sababu ya hCG ya namna hiyo. Mama anayefuatiliwa baada ya mimba zabibu akibaki na hCG ndogo isiyoshuka wala kupanda, fanya mambo matatu. Pima mkojo, kwa maana kingamwili hizo ni kubwa na kwa kawaida hazipiti kwenye figo. hCG ikiwepo kwenye damu bila kuwepo kwenye mkojo, uwe na shaka, ila kumbuka kwamba hCG ya damu iliyo ndogo sana inaweza kukosekana kwenye mkojo hata ikiwa ya kweli. Zimua seramu mara 2, mara 4 na mara 8. Jibu la kweli litapungua kwa uwiano, la uongo halitafuata mstari. Kisha peleka seramu kwenye mashine ya kiwanda kingine. Dawa ya saratani isianze kwa namba ya mashine moja.

Nne, prolaktini iliyofungamana na kingamwili. Ni kubwa kwa umbo, hukawia kuondoka katika damu, na haina nguvu kubwa ya kufanya kazi mwilini, lakini mashine huihesabu. Mwanamke mwenye prolaktini ya 1,900 mIU/L ambaye hedhi yake haijavurugika na maziwa hayatoki anastahili kipimo cha pili kabla ya kutumwa kupigwa picha ya kichwa. Changanya seramu na mmumunyo wa polietilini glikoli wa asilimia 25, unaoizamisha prolaktini iliyofungamana, kwa ujazo sawa, zungusha kwenye sentrifuji, pima maji ya juu, zidisha kwa 2. Ukipata 240, ambayo ni 480 baada ya kuzidisha, umerudisha asilimia 25 tu ya prolaktini ya awali. Chini ya asilimia 40 huhesabiwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa ile iliyofungamana. Thibitisha kwanza kwamba mashine yako haivurugwi na kemikali hiyo.

Mgonjwa anayemeza predinisoloni asipimwe kotisoli bila daktari kuambiwa, kwa kuwa kingamwili nyingi za kotisoli huishika dawa hiyo pia.

Hatua ya saba: linda ulichokithibitisha

Kila siku ya kazi pima sampuli za udhibiti za viwango viwili kabla ya wagonjwa, na uchore kila jibu kwenye chati. Kanuni za Westgard za kusoma chati hiyo zinatosha: jibu moja likivuka michepuko sanifu 3, simamisha, mawili mfululizo yakivuka michepuko 2 upande mmoja, simamisha, kiwango kimoja kikipanda zaidi ya michepuko 2 na kingine kikishuka zaidi ya 2 katika mzunguko mmoja, simamisha, 10 mfululizo yakikaa upande mmoja wa wastani, mashine imeanza kuhama hata kama hakuna lililovuka mpaka. Jibu moja lililovuka michepuko 2 pekee hutokea takriban mara 1 katika kila 20 bila kosa lolote, na linataka macho, si kurudiarudia kupima mpaka lipite. Michepuko hiyo itokane na majibu ya maabara yako, maana mipaka ya kwenye karatasi ya mtengenezaji ni mipana kiasi cha kuficha kosa.

Toleo jipya la kitendanishi (mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mwingine kiwandani) likifika, chukua sampuli kadhaa za wagonjwa, za chini, za kati na za juu, uzipime kwa toleo la zamani na jipya. Usitegemee sampuli za udhibiti peke yake, kwani zimetengenezwa kwa namna ambayo haifanani kabisa na damu ya mtu: huweza kubadilika wakati damu za wagonjwa hazikubadilika, na huweza kutulia wakati damu za wagonjwa zimehama. Agiza toleo jipya kabla la zamani halijaisha, la sivyo hutakuwa na cha kulinganishia.

Jiunge na mpango wa upimaji wa nje wa ubora, na usome ripoti yake kwa makini. Alama nzuri dhidi ya kundi la wanaotumia mashine kama yako inathibitisha kwamba unaitumia inavyopaswa. Haithibitishi kwamba mashine yenyewe inasema kweli, na ndiyo maana hatua ya tatu irudiwe kila mwaka, hata kwa sampuli chache.

Hatua ya nane: toa jibu pamoja na uzito wake

Jibu liandikwe likiwa na kizio, kiwango rejea, saa ya kutoa damu na aina ya mashine. Daktari naye aelezwe mtu mwenyewe anavyobadilika: TSH ya mtu yule yule hupanda na kushuka kiasi kwamba majibu mawili yanahitaji kupishana kwa karibu nusu ndipo tuseme kwa uhakika kuna mabadiliko. Kutoka 2.0 kwenda 2.6 si sababu ya kubadilisha dozi.

Jibu lisilofanana na mgonjwa lisitoke kwa karatasi pekee. Mpigie daktari simu, mweleze kinachotiliwa shaka na kitakachofanyika, na uandike katika daftari saa ya mazungumzo hayo. Sehemu ya seramu hiyo igandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ikiwa na namba ya mgonjwa, tarehe na toleo la kitendanishi, na isitupwe mpaka jibu la maabara ya pili lirudi na lipachikwe kwenye faili.